Daladala, mwendokasi, kivuko au SGR: kipi cha kuwatoa watoto wa chekechea Dar es Salaam?

Walimu wengi wa chekechea Dar es Salaam hukwama mahali pamoja kila muhula. Matembezi yako kwenye ratiba, wazazi wamesaini barua za ruhusa, watoto wameshaambiwa na kila asubuhi wanauliza ni lini, lakini hela ya kukodi Coaster kwa siku nzima haipo. Unabaki na usafiri ambao kila mtu hapa mjini anautumia. Swali ni upi kati ya huo utautumia ukiwa umebeba watoto wa watu.

Ulinganisho huu ni kwa mwenye watoto wa miaka mitatu hadi sita, kundi la kumi mpaka ishirini hivi. Ukiwa na arobaini, wagawe uwatoe siku tofauti, maana hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi vinne kinachobeba watoto arobaini wa umri huo kwa utulivu. Wala sitakuambia kipi kinashinda vyote. Mwalimu wa Kimara na mwalimu wa Kigamboni hawaamkii barabara moja, na watoto wa miaka mitatu hawafanani na wa miaka sita.

Tunapima nini

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni mlango. Mtoto akishakaa na mkono wa mtu mzima uko begani kwake, safari inakuwa nyepesi. Vurugu zote ziko kwenye ile dakika ya kupanda na ile ya kushuka: ngazi iko juu kiasi gani, dereva atasubiri au ataondoa gari, nani mwingine anapita mlango huohuo, na mtoto akikanyaga chini anakanyaga wapi. Walimu wengi huchagua usafiri kwa kuangalia siti. Mimi nasema angalia mlango kwanza, siti baadaye.

Cha pili ni kukaa pamoja, kundi zima mahali ambapo unaweza kulihesabu bila kusimama. Cha tatu ni saa. Mji huu una dirisha lake: tangu saa nne asubuhi, wafanyakazi wakishafika makazini, mpaka saa saba na nusu hivi, kabla wanafunzi wa shule za msingi na sekondari hawajamiminika vituoni. Matembezi ya chekechea yaishi ndani ya dirisha hilo. Cha nne ni nauli. Cha tano ni tumbo, yaani joto, kutapika na choo. Cha mwisho ni kile mtoto anachokiona na kukifanya njiani, kwa sababu umri huu safari yenyewe ni nusu ya somo, na mara nyingine ni somo zima.

Kabla ya chombo chochote, hesabu watu wazima. Kwa watoto wa miaka minne na kuendelea, mtu mzima mmoja kwa watoto watatu. Wa miaka mitatu, mmoja kwa wawili, mkono huu na huu. Juu ya hao ongeza mtu mmoja asiye na mtoto mkononi. Huyo ndiye anayelipa nauli, anayeongea na konda, anayetangulia kushuka. Ukimkosa huyo, ahirisha, hata kama walimu wengine wametimia. Mama au baba wa mmoja wa watoto anaweza kuishika nafasi hiyo vizuri sana, mradi umeelewana naye kwamba siku hiyo hayuko kwa ajili ya mwanawe peke yake.

Daladala

*Mlango.* Hapa ndipo daladala inapozidiwa na wenzake. Ngazi ya kwanza ya Coaster inamfika mtoto wa miaka minne magotini, mlango ni mmoja, na konda anayetafuta hesabu ya tajiri, fedha ya kila siku ya mwenye gari, hana dakika tano za kukupa. Tusimlaumu bure. Kila anaposimama muda mrefu kituoni, gari la nyuma linamzoa abiria wake. Kwa hiyo usiwapandishe watoto katikati ya njia. Nenda nao mwanzo wa ruti, Makumbusho, Simu 2000, Tegeta Nyuki au Mbagala Rangi Tatu, mahali gari linapojaza likiwa limetulia, na uongee na konda kabla watoto hawajalisogelea gari. "Kaka, nina watoto kumi na wanne na watu wazima sita, tunashukia Posta, na siti zetu tunalipa zote." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayomfanya afungue mlango na kuwaambia wapiga debe wakae pembeni.

Kushuka kuna hatari yake. Mlango uko upande wa kushoto, unashukia pembeni mwa barabara, lakini upenyo ule kati ya gari na ukingo ndiyo njia ya mkato ya bodaboda. Yule mtu mzima asiye na mtoto ashuke wa kwanza, apige hatua mbili kuelekea nyuma ya gari, asimame amenyoosha mkono, auzibe upenyo kabisa. Akishasimama hapo ndipo mtoto wa kwanza anateremshwa. Watoto wakifika chini wanashika kamba au wanagusa ukuta, yeyote asisogee mpaka wa mwisho ameshuka na idadi imetimia.

*Kukaa.* Ndani ya lile dirisha la saa nne mpaka saa saba, ruti nyingi utapata level siti, yaani gari ambalo hakuna abiria anayesimama. Chukua viti vya nyuma mfululizo, watu wazima wakae upande wa njia, watoto dirishani. Epuka vile viti vya kukunja vya katikati: kila abiria anayeshuka mtamwinukia. Hiace, vipanya, sizipendekezi kwa kundi. Mnakaa mmebanana na mlango wa kuburuta unakula vidole.

*Nauli.* Kwa viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, mtu mzima analipa Sh 600 kwa ruti isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi Sh 200. Mtoto mdogo akipakatwa kwa kawaida halipiwi. Lakini watoto kumi na wanne hawapakatiki, na konda akiona siti saba zimejaa wa Sh 200 anaanza kununa. Mwanafunzi ana haki ya nauli yake na sisemi tuiache. Ninachosema ni kwamba siku ya matembezi, watoto wawili kwenye siti moja kwa nauli moja ya mtu mzima hununua subira. Hao kumi na wanne na watu wazima sita ni siti kumi na tatu, Sh 7,800 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi.

*Tumbo.* Choo hakuna. Upepo wa dirishani unasaidia, foleni inaharibu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kopo la rangi lililooshwa, lenye mfuniko, na khanga mbili. Chai ya maziwa asubuhi ya safari waipunguze nyumbani. Waambie wazazi jana yake.

*Anachokiona.* Daladala wanaijua, wengi wameipanda na mama zao tangu wakiwa mgongoni. Kipya ni kupewa kazi. Mtoto mmoja anamkabidhi konda nauli, mwingine anasubiri kituo, kisha kundi zima linapaza sauti: "Kituoni, shusha!" Abiria hucheka, dereva huwaangalia kwenye kioo, na mtoto ambaye darasani hasemi neno utamsikia.

*Inamfaa nani.* Kituo kilicho jirani na mwanzo wa ruti, safari ya gari moja bila kuunganisha, watoto wa miaka minne kwenda juu. Kijiji cha Makumbusho kwenye Barabara ya Bagamoyo, kwa mfano, kwa walio kwenye ruti inayopita hapo, kinafikika hivi bila shida: mnashuka, mnatembea kidogo, mko kwenye nyumba za asili za makabila, na uwanja ni mpana wa kukimbia.

Mwendokasi

*Mlango.* Kwa mguu wa mtoto, mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yake, ni rafiki. Jukwaa la kituo liko usawa mmoja na sakafu ya basi, hakuna ngazi, milango ni mipana. Mtoto anatembea tu kuingia. Angalia mambo mawili. Dereva asipoligusisha basi vizuri na jukwaa hubaki mwanya, na mguu wa miaka mitatu unaingia humo mzima. Kwa hiyo mtu mzima asimame mguu mmoja ndani na mmoja jukwaani, awavushe mmojammoja kwa kuwashika kwapani. Tena mlango hujifunga kwa amri ya dereva, ambaye hakuoni vizuri kama uko mlango wa nyuma. Tumieni mlango wa mbele, na umpungie mkono dereva kabla basi halijasimama sawasawa.

Mlango wenyewe hasa wa mwendokasi, hata hivyo, uko barabarani. Vituo vya njia ya Barabara ya Morogoro viko katikati ya barabara. Kukifikia kituo unavuka njia za magari ya kawaida, na wakati mwingine njia ya mabasi yenyewe, ambayo hupita kwa kasi bila kelele nyingi. Kabla ya siku ya matembezi pita peke yako kituo chako, ukaangalie kivuko cha miguu kina taa, kina daraja, au kina mistari tu iliyofutika. Penye daraja la waenda kwa miguu lipandeni hata kama ni mzunguko. Kama kituo cha jirani kina uvukaji mbaya, tembeeni mpaka kinachofuata.

*Kukaa.* Siti ni chache, basi limejengwa kwa watu kusimama. Vile vishikio vya juu mtoto havifiki. Anashika bomba, na watatu wanaenea bomba moja na mtu mzima nyuma yao kama ukuta. Kwenye basi refu, lile la mita 18 lenye kiungo cha katikati kinachojikunja, watoto hupapenda pale penye kiungo. Waangalie kwa mbali tu, sakafu ya pale huzunguka.

*Saa.* Huduma ilianza Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Kariakoo na Morocco, na tangu hapo asubuhi za Kimara zimekuwa ni kugombania. Nje ya dirisha letu, usithubutu. Wakati wa masika, mvua kubwa ikijaza bonde la Jangwani, safari za kwenda mjini hukatwa ghafla, mkaachwa upande mmoja wa maji. Machi hadi Mei, kwa hiyo, mwendokasi upangwe na njia ya pili mfukoni. Na kwa kuwa vituo kadhaa viliharibiwa katika vurugu za mwishoni mwa Oktoba 2025, usipange kwa kumbukumbu ya zamani. Nenda ukaone kituo chako cha kupandia na cha kushukia, vyote viwili.

*Nauli.* Inalipwa getini kabla ya kupanda, na hilo ni faida kubwa: ndani ya basi hakuna kuhesabu chenji. Mtangulize yule mtu mzima dakika kumi mbele akamalize mambo ya tiketi, mkifika mpite moja kwa moja.

*Tumbo.* Joto lipo watu wakiwa wengi, kutapika ni kwa nadra kuliko kwenye daladala kwa sababu basi lina njia yake na halisimami-simami. Choo, waende kabla.

*Anachokiona.* Foleni, geti, tiketi, jina la kituo lililoandikwa ukutani. Kwa watoto wanaoanza herufi, njia ya Kimara ni zawadi: U ya Ubungo, M ya Manzese, J ya Jangwani. Mwisho wa njia ni Kivukoni, na hapo mna bahari, meli, soko la samaki la Magogoni na, kwa mwendo wa miguu wa polepole, Bustani ya Botaniki iliyopandwa na Wajerumani mwaka 1893 na Makumbusho ya Taifa jirani yake.

*Inamfaa nani.* Wa Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni na Kinondoni. Walio na watoto wa miaka mitatu ambao ngazi zinawashinda. Na mwalimu mwenye wasaidizi wa kutosha wa kuwazungushia watoto waliosimama.

Kivuko cha Magogoni na Kigamboni

*Mlango.* Hapa pana somo la namna yake. Abiria hukusanyika kwenye banda la kusubiria, geti linafunguliwa, na umati wote unateremka kwa pamoja kuelekea kwenye kivuko. Anayekimbilia mbele anabebwa na umati. Watoto wasiwe mbele wala katikati. Kaeni pembeni ya banda, waacheni wenye haraka wapite, muwe wa mwisho kuingia. Kikifika ng'ambo, fanyeni vilevile, muwe wa mwisho kutoka. Jambo la kuangalia kwa macho mawili ni magari. Yanaingia na kutoka kwa mlango uleule wa bapa la chuma mnalolikanyaga ninyi, na bapa hilo likilowa huteleza. Hakuna mtoto anayetembea pale bila kushikwa mkono, hata wa miaka sita anayejiona mkubwa.

*Kukaa.* Tafuteni mahali penye viti au ukuta wa kuegemea, mbali na magari na mbali na ukingo. Kila mtoto awe na mkono wa mtu mzima muda wote wa maji. Wanaotaka kuchungulia bahari wachungulie mmojammoja, mwalimu akiwa amepiga goti nyuma yake na kumzungushia mikono kiunoni. Kabla hamjaondoka uliza jaketi okozi ziko wapi na kama zipo za watoto. Kama jibu halikuridhishi, bakini ufukweni mkitazama vivuko vikienda na kurudi. Watoto watafurahi vilevile.

*Saa.* Asubuhi umati unatoka Kigamboni kuja mjini, jioni unarudi. Mwalimu wa upande wa mjini akivuka saa nne kwenda Kigamboni anakwenda kinyume na msongamano, na hilo humpa nafasi. Mwalimu wa Kigamboni asubiri mpaka saa nne na nusu hivi, umati ukishapungua. Siku ya upepo mkali au mvua, acheni.

*Nauli.* Mtu mzima Sh 200. Hakuna usafiri wa bei hii wenye kumpa mtoto mambo mengi kiasi hiki.

*Tumbo.* Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, upepo wa bahari unatosha, kichefuchefu ni nadra. Kinachosumbua ni jua kwenye foleni. Kofia na maji. Choo mkitafute mapema upande wa kuondokea.

*Anachokiona.* Kila kitu. Meli za mizigo zinazoingia bandarini kupitia mlango huohuo wa bahari, ngalawa, mashua za wavuvi, kunguru, harufu ya samaki wanaokaangwa, honi ya kivuko inayomtetemesha mtoto kifuani. Kipo kitu ambacho watoto huuliza karibu kila mara: kwa nini magari hayazami. Usijibu haraka. Rudi nalo swali darasani, weka beseni la maji, kifuniko na mawe, waache wajaribu. Siku mbili zijazo za masomo zimejiandaa zenyewe.

*Inamfaa nani.* Mwenye bajeti ndogo kabisa, mwenye watu wazima wengi, na mwenye watoto wanaosikia neno "simama" wakasimama. Wa miaka mitatu wachache wanaweza kwenda ikiwa kila mmoja ana mtu wake. Kama kundi lako ni jipya, wiki ya pili au ya tatu ya muhula, hujawajua bado, usianze na maji.

SGR

*Mlango.* SGR ni treni ya umeme ya reli ya kisasa. Stesheni yake ya Dar es Salaam imejengwa kwa nafasi, treni inasimama kwenye jukwaa, inasubiri muda wake, na wahudumu wapo mlangoni. Hakuna wa kuwasukuma kwa sababu kila tiketi ina kiti chake. Shida iko kabla ya hapo: ukaguzi wa mizigo, foleni ya tiketi, ngazi za umeme. Kwenye ngazi za umeme usiende na kundi, tumieni lifti au ngazi za kawaida. Na fikeni mapema, maana treni haimsubiri aliyeko chooni.

*Kukaa.* Bora kuliko vyote vinne. Viti vyenu vimeandikwa, mnakaa safu zinazofuatana, unawahesabu ukiwa umekaa.

*Saa.* Hapa ndipo penye mtihani. Ratiba ndiyo inayoamua siku yako. Huwezi kusema "tumechoka, turudi". Treni ya haraka hupita vituo vidogo bila kusimama, kwa hiyo soma ratiba ya kwenda na ya kurudi kabla ya kuwaambia wazazi lolote. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, na kwa treni ya kawaida unafika chini ya saa mbili. Kwa wa miaka sita hilo linabebeka. Kwa wa miaka mitatu, kwenda na kurudi siku moja ni kuwatesa. Kituo cha karibu ni Pugu, na kwa chekechea huko kunatosha.

*Nauli.* Kwa nauli zilizotangazwa 2024, treni ya kawaida Dar es Salaam hadi Pugu ni Sh 1,000, hadi Morogoro Sh 13,000. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili analipa nusu, aliye chini ya miaka minne halipi. Watoto kumi na wanne wote wenye miaka minne na zaidi, pamoja na watu wazima sita, ni Sh 13,000 mpaka Pugu. Mpaka Morogoro kundi hilohilo ni Sh 169,000 kwenda tu, na hapo linganisha na bei ya Coaster mtaani kwenu. Tiketi huandikwa kwa majina, beba orodha na nakala za vyeti vya kuzaliwa.

*Tumbo.* Choo kipo ndani ya treni na stesheni. Mwalimu aliyewahi kumtafutia mtoto choo Kariakoo anaijua thamani ya sentensi hiyo. Kiyoyozi ni kikali, wabebe sweta.

*Anachokiona.* Mji unaoisha na mashamba yanayoanza, mabehewa bandarini, mtu aliyevaa sare anayekagua tiketi. Usafiri ni mtulivu mno kiasi kwamba wadogo huweza kulala, na hapo umelipia usingizi. Wape kazi: wa kulia wahesabu ng'ombe, wa kushoto wahesabu madaraja.

*Inamfaa nani.* Kituo chenye bajeti, darasa la wakubwa wanaomaliza mwaka, na wazazi wanaoogopa barabara. Kwa Pugu, njia nzuri ni kwenda na treni, mle vitafunwa, mkimbie, halafu kurudi na daladala inayoanzia huko mkiwahi viti.

Viwili vinavyoulizwa sana

Treni za mjini zilizoanza Oktoba 2012, ambazo wengi bado wanaziita treni za Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zimepangwa kwa wafanyakazi, asubuhi na jioni. Saa zake ziko nje ya dirisha letu. Bajaji zinavunja kundi: abiria watatu kila moja, madereva watano tofauti, njia tano tofauti. Kwa kumkimbiza mtoto mmoja mgonjwa nyumbani ni nzuri sana, na hela yake iwe imetengwa pembeni siku nzima. Kwa kundi, hapana.

Ukiangalia hali yako

Kama hamjawahi kutoka kabisa, anza na safari fupi kuliko zote iliyo na mlango rahisi. Kwa walio kwenye njia ya mwendokasi ni vituo vitatu au vinne, kushuka, kutembea kidogo, kurudi. Kwa wa Tegeta au Mwenge ni daladala kutoka mwanzo wa ruti mpaka mahali pamoja tu. Usiunganishe magari mawili safari ya kwanza.

Kama wengi wako ni wa miaka mitatu, mwendokasi kwanza, SGR ya Pugu pili. Ngazi za daladala na bapa la kivuko vinahitaji mtu mzima kwa kila mtoto, na mikono hiyo ni vigumu kuipata siku ya kazi.

Kama fedha ndiyo inayokubana, kivuko. Wa mjini wakifika Feri kwa miguu au kwa basi moja, matembezi yote yanaweza kugharimu chini ya bei ya maandazi ya darasa kwa wiki. Tumia hela inayobaki kumlipia nauli msaidizi wa ziada.

Kama wazazi wana wasiwasi, waalike. Wawili watatu waende nanyi mara moja na watawasimulia wengine kwenye kundi la WhatsApp vizuri kuliko barua yako yoyote. Kila mtoto avae kitambulisho chenye jina la kituo na namba ya simu ya mwalimu. Jina lake mtoto lisiwe nje, lisije likasomwa na mtu akamwita kama anamjua.

Kama ni masika, panga daladala au SGR, na siku yenyewe iwe ya kuhamishika. Kama watu wazima hawatimii, kodi gari, hata kwa kuungana na chekechea jirani na kugawana gharama, au tembeeni kwa miguu mpaka sokoni kwenu. Kukodi kuna uzuri wake: mnapanda uani, mnashukia getini, mlango mnaumiliki. Mtoto hakutani na konda, geti wala umati, lakini kama lengo la siku ni kufika mahali fulani na kurudi salama kwa wakati, hilo halina ubaya wowote.

Na kama una mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au anayetembea kwa shida, chagua chombo kwa ajili yake kwanza, wengine watafuata. Jukwaa la mwendokasi na lifti za stesheni ya SGR ndiyo mahali pa kuanzia, kwenye daladala itabidi abebwe. Nenda siku mbili kabla ukajaribu njia na kiti chenyewe, uliza wahudumu wa geti ni nani atakuwa zamu saa nne, na umwambie mama yake utakayoyakuta, mazuri na mabaya, ili aamue akiwa anajua.